Dawa ya Mama na Kengele ya Mgeta

Kihonda,
Morogoro.
11 Mei 2025

Mpendwa mdogo wangu Wilfred,

Marahaba. Naitikia kabla hujaniamkia, maana najua ungeniamkia kama ungekuwa unapokea simu.

Habari za Mpanda? Angelina hajambo? Na mtoto, kile kikohozi chake kimekwisha au bado kinawakesha? Shule vipi, wanafunzi wa kidato cha nne wanakusikiliza au wanakuzeesha kabla ya wakati? Sisi huku hatujambo. Shemeji yako Elia analalamika mgongo, lakini mgongo wake unauma zaidi siku za kufua. Mpwa wako Kristina amekua, sasa ananitazama kwa juu, halafu anakuja kuniomba vocha. Masika yametupiga kwelikweli mwaka huu. Milima hatujaiona vizuri tangu Pasaka, mawingu yameikalia.

Kabla sijaenda mbali, nikutoe wasiwasi. Mama yupo hapa kwangu. Anapumua vizuri, anakula, na anagombana na kila mtu. Anasema kabichi za sokoni hapa mjini zimelala, anasema joto la Kihonda ni la kuanikia mahindi si la kuishi watu. Ukimsikia hivyo ujue yu mzima.

Nimeamua kushika kalamu kwa sababu simu zangu huzipokei, na ujumbe wangu unausoma halafu unanyamaza. Vile vialama viwili vya bluu navijua maana yake, usinifanye mshamba. Barua hii naituma kwa anwani ya shule yako. Mkuu wako akikukabidhi bahasha mbele ya walimu wenzako, utaona haya kutoifungua.

Najua kilichokufunga mdomo. Irene, binti wa shangazi, alikupigia Jumatatu ya Pasaka akakuambia Mama nusura afe kwa sababu ya kengele yako. Ulimi hauna mfupa, na wa Irene ndio kabisa. Yeye hakuwepo. Mimi nilikuwepo, kwa hiyo nisikilize mimi. Nitaanza mbali kidogo, ili Angelina naye akisoma asipotee njiani.

Kwetu Mgeta kuhema si ugonjwa. Nani hahemi akipanda kutoka mtoni na ndoo, au kutoka bondeni na tenga la njegere? Mama alihema, nasi tukasema ni umri, na yeye akasema ni mlima, na mlima haukujitetea. Mpaka miguu ilipovimba, na midomo ikawa kama ya mtu aliyekula matunda damu, ndipo tulipomteremsha mjini. Hata hapo, presha waliyompima mkononi ilikuwa nzuri kuliko yangu. Majirani wakasema basi hana kitu, ni uchovu. Ni daktari wa moyo aliyempiga picha ya moyo akaona presha yenyewe imejificha kwingine, kwenye mishipa inayopeleka damu mapafuni. Mishipa ile imebana, na moyo unasukuma na kusukuma mpaka unachoka.

Dawa aliyoandikiwa ni sildenafili. Ndiyo, Angelina, ni hiyo hiyo unayoifikiria, ambayo wanaume wa mjini huinunua kwa kunong'ona. Kumbe dawa inayolegeza mishipa haichagui mishipa ya nani. Wilfred, unakumbuka yule kijana wa duka la dawa alivyokitazama cheti, akamtazama Mama na vazi lake la WAWATA, la akina mama wa Kikatoliki, kisha akakutazama wewe? Wewe ulitoka nje ukajifanya unapokea simu. Mama ndiye aliyemwambia, mwanangu, hesabu vidonge uache kunihesabu mimi miaka.

Habari ikapanda mlima kabla yetu. Tulipofika nyumbani, mzee Fransisko jirani alikuwa ameshasikia, na tangu siku hiyo akawa mwepesi sana wa kuja kumjulia hali mgonjwa. Mwishowe akaomba wazi, kidonge kimoja tu, cha kujaribu. Nawe unajua mzee Fransisko ana kile kifua chake na vidonge vyake vya kuweka chini ya ulimi. Daktari alituonya kabisa: dawa hii ikikutana na ile ya chini ya ulimi, presha huporomoka na mtu anaweza asiamke. Mama akamwambia, Fransisko, nikikupa hiki wewe utazikwa kesho na mimi nitasimama kanisani kueleza ulikuwa unatafuta nini. Mzee hakuomba tena. Siku hizi akija anakaa mlangoni, anauliza bei ya viazi.

Sasa tuje kwenye mpango wako. Daktari alisema asubuhi, mchana na jioni, bila kukosa. Mama saa ya ukutani haiamini, na simu yake huizima ili chaji isiishe. Krismasi ulipokuwa nyumbani ukakaa ukafikiri, ukamwambia: Mama, kanisa linakupigia kengele ya Malaika wa Bwana asubuhi, adhuhuri na jioni. Kengele ikilia, sali, kisha meza. Nikuambie ukweli, mdogo wangu, nilikuonea wivu. Mimi nilikuwa nimemnunulia kile kiboksi cha plastiki chenye vyumba vya siku, naye akawekea mbegu za karoti.

Na mpango ule ulifanya kazi. Januari, Februari, Kwaresima karibu yote, Mama hakukosa. Uvimbe wa miguu ulishuka. Alikuwa anatoka mwenyewe mpaka kwenye bustani, anang'oa magugu amekaa kwenye kigoda, anaimba. Nilipopanda kumwona mwezi wa Machi alinipikia viazi na njegere, akanisimanga kwamba ninahema kuliko yeye. Nilifurahi mpaka nikalia njiani nikirudi. Usimwambie.

Halafu ikaja Alhamisi Kuu. Wilfred, wewe ulikuwa mtumikiaji altareni. Wewe na akina Petro mlikuwa mnagombania nani agonge vile vibao vya mbao, kwa sababu baada ya wimbo wa Utukufu wa Alhamisi Kuu kengele hazilii tena mpaka mkesha wa Pasaka. Unajua jambo hilo kama unavyojua jina lako. Mimi nalijua. Mama analijua kuliko sisi sote. Padre ndiye anayezinyamazisha. Na hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba kengele ikinyamaza, na dawa inanyamaza.

Nilipanda Ijumaa Kuu asubuhi kwa pikipiki, matope mpaka magotini. Nilimkuta Mama ameshavaa, amefunga kilemba, uso umeparara. Nikadhani ni mfungo. Tukaenda Njia ya Msalaba. Alikuwa ameniahidi kukaa kituo cha kwanza pale chini, awasubiri wengine washuke, kwa kuwa mlima ule daktari alishamkataza. Lakini unamjua. Nilipogeuka alikuwa nyuma yangu, anapanda polepole ameshika fimbo. Irene anasimulia kwamba alianguka sawasawa pale Yesu anapoanguka, watu wakalia wakidhani ni maono. Uongo. Tulikuwa kati ya vituo, watu wanaimba, nikasikia fimbo ikigonga jiwe, na Mama akakaa chini taratibu kama mtu aliyechoka, kisha akalala ubavu. Midomo ile ikarudi.

Wilfred, niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo, hata siku ya baba. Nilimwekea kichwa mapajani nikawa namwita tu, Mama, Mama, kama mtoto aliyepotea mnadani. Aliporudisha macho, swali la kwanza lililonitoka ni kama amekunywa dawa. Akanitazama kwa mshangao. Akasema, "Kengele haijalia, Juliana."

Tangu Alhamisi jioni hakuwa amemeza hata kimoja. Alhamisi usiku alisubiri kengele akasahau. Ijumaa asubuhi akakumbuka, akajisemea kwamba basi ni vizuri, Bwana anateseka, kengele imenyamaza, na yeye afunge na dawa pia. Aliona inapendeza. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa, maana alinieleza kwa unyofu kabisa, akiwa amelala pale chini, kama anayenieleza namna ya kupanda vitunguu saumu.

Kisha akafungua fundo la khanga, vidonge alikuwa navyo vyote pale kiunoni, akaanza kuvitoa kiganjani. Anataka kumeza vyote alivyokosa kwa mkupuo, avifidie. Nikamshika mkono. Tukavutana, mimi na mgonjwa wangu, mbele ya waumini wote, na wimbo wa mateso unaendelea. Nilikumbuka neno la daktari: kilichopita kimepita, havijumlishwi, vikizidi vinaiangusha presha kabisa. Nikampa kimoja na maji kidogo. Akameza akinitazama kwa jicho baya. Kutuliza watu akasema kwa sauti kwamba ameacha kufunga kwa amri ya mwanae.

Vijana wakamshusha kwa machela ya magunia na miti. Barabarani kulikuwa na gari moja tu, la Abasi, yule mnunuzi wa njegere wa Mwembesongo. Alikuwa amepakia nusu. Alimwondoa utingo wake kiti cha mbele, akamweka Mama, akaniambia nipande nimshikilie, na njegere nyingine akaziacha chini ya turubai kwa watu azifuate baadaye. Njia nzima aliendesha kama amebeba mayai, akisoma dua zake kwa sauti ndogo, na Mama akisoma rozari yake. Hivyo ndivyo tulivyoteremka. Ukija likizo, mtafute Abasi umshukuru kwa mkono wako mwenyewe.

Hospitali walimwekea oksijeni, wakamlaza. Daktari wake alipokuja nilimweleza habari ya kengele, nikangoja anigombeze. Alivua miwani akakaa kitandani kwa Mama. Akamwambia dawa hii haikatishwi ghafla, kwa sababu yoyote, iwe Ijumaa Kuu au harusi. Inashikilia mishipa ile iwe wazi. Ukiiacha, mishipa inabana tena, pengine kwa hasira zaidi. Ukisahau kimoja, meza mara ukumbukapo. Kama muda wa kinachofuata umeshakaribia, kile cha nyuma kiache, endelea mbele, na viwili kwa pamoja hapana. Chakula si lazima, kwa hiyo hata tumbo tupu si kisingizio. Na dawa yoyote nyingine, ya dukani au ya mizizi, hata kama ameileta shangazi kwa mapenzi yake yote, aulizwe yeye kwanza. Ya shangazi nimeiweka juu ya kabati. Nimemwambia shangazi Mama anaitumia vizuri. Mungu atanisamehe.

Padre naye aliteremka wiki iliyofuata kumwona. Akamwambia wagonjwa hawafungwi na mfungo, na wazee vilevile, na kwamba hakuna mahali popote Kanisa lilipowaagiza watu wafunge dawa. Mama akamjibu kwamba angalitangaza hilo Jumatano ya Majivu. Padre wa watu akakubali. Ameahidi mwakani atatangaza, Alhamisi Kuu, kabla ya kengele kunyamaza.

Kwa hiyo, mdogo wangu, sikia. Mpango wako haukumwangusha Mama. Mpango wako ulimsimamisha miezi yote ile. Daktari mwenyewe alicheka akasema ni mpango mzuri kuliko mingi anayoisikia, ulikosa tu mtu wa kukumbuka siku hizo za mwisho. Ningekuona hapa ningekupiga kofi la mgongo nikakuambia hivyo usoni. Acha kujitesa. Ungekuwa na makosa ungeyasikia kwangu, unajua sinyimi mtu maneno.

Kwa sasa daktari anataka abaki huku chini, hewa ya huku ni nzito kidogo, moyo wake unapumzika. Kama atarudi Mgeta au la bado haijaamuliwa. Yeye anazungumza kama vile anarudi kesho. Mashamba anayaangalia Petro, yule mgombania vibao mwenzako, na kila siku Mama anampa maagizo ambayo Petro anaitikia kisha anafanya anavyojua.

Dawa ya asubuhi na ya jioni namsimamia mimi. Ya mchana mimi niko kazini, Elia yuko gereji, Kristina shuleni. Nimemwekea mlio kwenye simu, na simu haizimwi tena, chaji nalipa mimi, nimemwambia. Mlio ule anauchukia, anasema unapiga yowe kama mwizi ameingia. Lakini ukilia anameza. Hilo nimelihakikisha, jirani yangu Sabra huchungulia, na vidonge nikirudi naviangalia. Kwa hiyo kuhusu dawa usiwe na hofu. Kuna jambo jingine, na hilo ndilo hasa lililonikalisha niandike.

Mama anadhani umemkasirikia.

Hajui habari za Irene, nimemficha. Yeye anachojua ni kwamba mwanae alikaa akafikiri, akamtengenezea mpango mzuri, naye akauharibu kwa ujuaji wake, na tangu siku aliyouharibu mwanae hajapiga simu. Ameniuliza kwa kuzunguka. Kwanza aliuliza kama shule zimefungua. Kisha kama Mpanda mtandao upo. Juzi akaniambia nimwombee radhi kwako, kwamba alikuaibisha mbele ya watu wa parokia. Mama yetu, Wilfred. Anaomba radhi kwa mtoto aliyemzaa. Nilijifanya nina kitu jichoni.

Wewe huko unajificha ukidhani ulitaka kumuua, na yeye huku ananyamaza akidhani hutaki kumsikia. Kati yenu mimi ndiye ninayekula hasara ya usingizi.

Jana Jumamosi sikwenda kazini. Adhuhuri ilipokaribia nilimwona ametoa kiti akaweka mlangoni, simu mapajani, kidonge kiganjani, glasi ya maji chini. Mlio ukalia, akauzima, lakini hakumeza. Nikamwuliza anangoja nini. Akasema kidogo tu, labda Wilfred anamaliza kipindi cha ziada. Tukakaa. Nilimwambia dawa haingoji mtu, hata Wilfred. Akakubali, akameza, akanywa maji yote. Kisha akabaki pale pale, simu mapajani.

Nimeuliza, na Sabra kaniambia kila siku hufanya hivyo hivyo.

Piga mchana, Wilfred. Huna haja ya kuandaa maneno. Mwamkie tu, mwulize kama amekula. Mengine yeye ataongea.

Msalimie sana Angelina, mwambie khanga aliyoituma, Mama haivui. Mbusu mtoto kwa niaba ya bibi yake. Elia na Kristina wanakusalimu, na shangazi pia, na Irene pia, ingawa yeye nimemwambia salamu zake azilete mwenyewe kwa kuomba msamaha. Mungu awalinde katika kuingia kwenu na kutoka kwenu, awape kazi njema na usingizi mzuri, na atuwekee Mama yetu.

Dada yako anayekupenda hata ukinuna,

Juliana